Pesa Zikirudi, na Jina Lirudi

Mulot ni soko dogo lililokaa mpakani mwa kaunti za Bomet na Narok nchini Kenya, na kwa miaka mingi limetajwa kila wapelelezi wanapozungumzia ulaghai wa laini za simu. Maafisa wa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, wamevamia huko mara kwa mara na kuondoka na washukiwa na marundo ya kadi za simu. Misako hiyo husomwa na kila mtu. Safari ya faili baada ya msako hufuatiliwa na wachache, ilhali ndiko haki hupatikana au hupotea.

Tuanze na kosa lenyewe. Mlaghai hupiga simu akijifanya mhudumu wa kampuni ya simu, akamtoa mtu nambari ya kitambulisho na nambari ya siri. Laini huhamishiwa kadi nyingine, simu ya mwenyewe ikakosa mtandao. Kuanzia hapo mlaghai ndiye anayepokea ujumbe wa benki, ndiye anayekopa kwa huduma za mikopo ya simu za Fuliza au M-Shwari, ndiye anayetoa pesa kwa wakala. Kwa hiyo mwathiriwa ameibiwa vitu viwili: pesa zake, na jina lililotumika kukopa nyingine.

Hati ya mashtaka huvipa vitu hivyo uzito tofauti kabisa. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinamlenga anayetumia kwa hila nywila, sahihi ya kielektroniki au alama nyingine ya utambulisho wa mwenziwe. Adhabu yake haizidi faini ya shilingi 200,000 au jela miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 26, kinachohusu ulaghai wa kompyuta, kinafika shilingi milioni 20 na jela miaka 10. Kando yake ipo Kanuni ya Adhabu, yenye kifungu cha 313 cha kujipatia mali kwa udanganyifu na cha 382 cha kujifanya mtu mwingine. Kiongozi wa mashtaka anayetaka kesi nzito huona wazi aegemee wapi: kwenye pesa. Wizi wa jina huwa shtaka la pili, au hautajwi kabisa.

Swali linalofuata ni mahali. Mwathiriwa yuko Kisumu, mpiga simu yuko Mulot, pesa zimetolewa Narok mjini. Kifungu cha 72 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinaruhusu kesi isikizwe pale kitendo kilipofanyika au pale madhara yalipotokea. Ni kifungu cha busara, kwa sababu mlalamishi anaweza kusikizwa karibu na kwake. Kesi ikipelekwa mbali, nauli peke yake hutosha kumkatisha tamaa shahidi, na shahidi asipofika, mashtaka hulegea.

Ushahidi ndio sehemu ngumu zaidi. Kumbukumbu za simu na za M-Pesa hupatikana kwa amri ya mahakama, na zikichapishwa ni lazima ziambatane na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza zilivyotolewa na kifaa kilichozitoa. Cheti kikikosekana, wakili wa utetezi huzipinga papo hapo. Hata kikiwepo, kumbukumbu huonyesha laini ilifanya nini, lakini hazionyeshi ni mkono wa nani ulioishika simu. Kiungo hicho hutoka kwa simu iliyonaswa, kwa wakala anayemkumbuka mteja, au kwa picha za kamera. Laini yenyewe ikiwa ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu wa tatu asiyejua lolote, mpelelezi anaweza kujikuta mlangoni kwa mwathiriwa mwingine.

Mwisho wa kesi huja kwa njia kadhaa. Ipo hukumu baada ya kusikizwa kikamilifu. Yapo makubaliano ya kukiri kosa chini ya kifungu cha 137A na vinavyofuata vya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, ambapo mshtakiwa hukubali shtaka kwa masharti. Upande wa mashtaka unaweza pia kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyohiyo, na hapo mshtakiwa huachiliwa ingawa anaweza kushtakiwa tena. Na ipo njia inayowavuta wengi, ya kifungu cha 204: mlalamishi hurudishiwa pesa, huomba kuondoa malalamiko, na hakimu akiridhika na sababu zake, mshtakiwa huachiliwa huru moja kwa moja. Tofauti ya njia hizo mbili za mwisho ni kubwa, kwani anayeachiliwa chini ya kifungu cha 204 hashtakiwi tena kwa kosa hilo.

Simlaumu mlalamishi anayechukua pesa zake na kwenda nyumbani. Lakini mkopo uliochukuliwa kwa jina lake bado uko kwenye vitabu, na huenda shirika la kuhifadhi taarifa za wakopaji, CRB, limeshamworodhesha kama mdaiwa sugu. Hakuna hukumu itakayomtetea mbele ya mkopeshaji. California wameliona pengo hili: sheria ya huko inamruhusu mtu ambaye mhalifu alitumia jina lake kuiomba mahakama itamke rasmi kwamba hana hatia.

Kenya ina zana zinazokaribia hapo. Kifungu cha 45 cha sheria ya 2018 kinamruhusu hakimu kuamuru aliyepatikana na hatia amlipe mwathiriwa fidia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kudai taarifa zisizo sahihi kumhusu zirekebishwe, na Kamishna wa Data anatakiwa kukamilisha uchunguzi wa lalamiko ndani ya siku 90. Kasoro ni kwamba milango hii haiunganishwi: mahakama hufunga faili bila kumuuliza mlalamishi madeni gani yamebaki kwa jina lake.

Basi kabla ya kutia sahihi karatasi ya kuondoa malalamiko, dai kwanza barua ya kila mkopeshaji inayokuondolea deni. Kesi ikifika hukumuni, mkumbushe kiongozi wa mashtaka aombe fidia ya kifungu cha 45 kabla ya adhabu kutolewa. Nao mahakimu wasikubali kuondolewa kwa kesi yoyote ya aina hii kabla ya kuhakikisha kwamba jina la mlalamishi limesafishwa.