Kuipima Picha ya Mwezi Mpevu

Anza na uso wa mwezi wenyewe. Sisi tuko gizani, lakini mwezi unapigwa na jua kali la mchana. Kamera ikiachiwa iamue, hulitazama giza lote lile, ikaongeza mwanga, na mwezi ukatoka mweupe pe, hauna hata doa. Picha ya mtu anayejua kazi huonyesha madoa ya kijivu yamejitenga vizuri, na upande wa kusini kasoko ya Tycho ikirusha mistari yake myeupe. Kanuni ya zamani ingali inafaa: tundu la lenzi f/11, ISO 100, kasi ya 1/100 au 1/125 ya sekunde. Vivuli vya milima usivitafute. Usiku wa mwezi mpevu jua huumulika mwezi kutoka mbele, kwa hiyo anayetaka mabonde na aupige ukiwa nusu. Ndiyo maana mwezi mpevu peke yake katikati ya weusi, hata uwe mkali namna gani, siupi alama nyingi.

Alama ziko kwa anayeukutanisha mwezi na nchi, na hapo siku ni kila kitu. Siku yenyewe ya mwezi mpevu, ukishautoka ukungu wa bahari, minazi imeshakuwa myeusi. Jana yake huchomoza mapema zaidi, kama dakika 50 hivi, jua likiwa bado linagusa matanga. Picha mashuhuri ya Ansel Adams ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, ya tarehe 1 Novemba 1941, si ya mwezi mpevu, ulikuwa haujatimia. Alikikosa kipima mwanga chake, akakadiria kwa kuwa mwangaza wa mwezi alikuwa nao kichwani kwa tarakimu, akaiwahi misalaba ya makaburini ingali inang'aa kwa jua la mwisho.

Kisha kagua kama mwezi umebandikwa. Huku kwetu karibu na ikweta, mwezi unaochomoza huwa umelala ubavu: Tycho huwa upande wa kulia. Ukienda kutua, huwa kushoto. Mbandikaji huchukua mwezi uliopigwa Ulaya, Tycho ikiwa chini, akautundika juu ya bahari ya Dar es Salaam. Halafu jiulize dira. Forodhani ya Unguja inatazama magharibi, kwa hiyo mwezi mpevu juu ya maji yake ni wa alfajiri. Ukiambiwa ni wa jioni, cheka tu.

Ukubwa nao husema. Mwezi huchukua nusu digrii ya anga, uwe upeoni au utosini, hata kama macho yetu hudanganyika. Mlingoti wa mita 10 ukitaka ulingane nao, usimame mbali na mlingoti zaidi ya kilomita moja, na lenzi ndefu. Mwezi mkubwa kuliko jahazi, huku ufuko mzima unaonekana, haupo. Ule uliobonyea kidogo juu na chini, kingo zikitetema kwa hewa ya upeoni, mimi huupenda. Wengine huusafisha, wakaharibu.

Kuhusu simu, nitasema kidogo: mwaka 2023 Samsung yenyewe ilieleza kwamba simu zake zikiutambua mwezi hutumia akili mnemba kuukoleza. Kwa kumbukumbu ya nyumbani picha ya namna hiyo haina neno. Mashindanoni ninaiweka kando.

Usiku wa kupatwa, mizani hubadilika. Tarehe 7 Septemba 2025 Afrika Mashariki iliuona mwezi ukipatwa wote kwa zaidi ya saa nzima, mwekundu kwa mwanga uliopindishwa na hewa ya dunia. Mpigaji hulazimika kuacha lenzi wazi hata sekunde nzima, na mwezi hautulii: kwa dakika 2 hivi husogea upana wake wote. Kingo zikilainika kidogo, nasamehe. Ninachokitazama ni rangi: shaba isiyo sawa, upande mmoja mzito kuliko mwingine, na nyota ndogo pembeni, zile zile ambazo kwenye mwezi mpevu wa kawaida zingenifanya niitilie picha shaka.