Kifua cha Mwalimu wa Maigizo

Alasiri shule zinapotoka, pita barabara za Usagara hapa Tanga uwatazame wanafunzi wanaosubiri daladala, na makonda wanaowaruka kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Mwambie binti wa kidato cha pili aandike insha juu ya adha hiyo, atakuletea aya tatu za adabu. Mpe nafasi ya konda, mwenzake awe abiria, na yote yatatoka: matusi, kusukumwa mlangoni, kiti kinachotolewa kwa sharti asiloweza kumwambia mama yake.

Hapo ndipo ninapoipendea kazi hii ya kufundisha maigizo. Uhusika humkinga mtoto: aliyesema ni konda, si yeye. Ila kinga hiyo ina mlinzi mmoja tu, mwalimu. Akiyataja kesho yake paredini yaliyochezwa darasani, au akayafanya kichekesho ofisini mwa walimu, imani imekwisha. Wanafunzi wataendelea kukariri mistari na kupiga makofi, lakini hawatasema tena. Ndiyo maana mwalimu wa maigizo huhitaji kifua kabla ya kipaji. Na jambo likiwa la kumdhuru mtoto, kifua hakimaanishi kunyamaza: mwalimu humwita mtoto kwanza, akamweleza ni nani lazima aambiwe, na kwa nini.

Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, watunzi wa tamthilia na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana waliyatafuta wenyewe yanayowakwamisha, wakayachambua, kisha wakayaonyesha kwa maigizo, ngoma na ngonjera mbele ya walimu wao walewale. Huo ni ujasiri mkubwa, kusimama mbele ya mtu atakayesahihisha daftari lako kesho na kumwonyesha anavyokuumiza. Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba onyesho halikuwa mwisho wa kazi. Mjadala ulifuata, na vilabu vya Tuseme vikabaki shuleni kuyafuatilia yaliyosemwa.

Imani ya wanafunzi kwa mwalimu huanza na mambo madogo. Mwalimu huingia kwenye duara pamoja nao, akawa wa kwanza kucheza mlevi au muuza samaki mwenye domo, wakamcheka hadi wachoke. Shikamoo haipungui hata moja. Mwenye kigugumizi hapewi kazi ya kupanga viti kwa kuonewa huruma. Hupewa mzee asiyesema ambaye igizo zima linamzunguka, kisha neno moja, kisha sentensi, na hakuna anayemharakisha.

Wakuu wa shule, kila mitihani inapokaribia saa ya maigizo ndiyo inayokatwa kwanza. Iacheni. Na siku ya onyesho njooni mketi mbele, msikilize mpaka mwisho.