Padri Aliyeacha Kusema "Ninyi"

Desemba 2023, siku chache baada ya tope la mlima Hanang kushuka juu ya mji wa Katesh, nilimpigia simu mzee mmoja wa huko aliyekuwa amefiwa na ndugu. Nilikuwa na maswali yangu ya kawaida ya kihabari: ilikuwa saa ngapi, mlisikia nini, msaada umefika? Mwishoni nikaongeza swali moja ambalo halikuwa kwenye daftari. Kwenye simu za watu zilikuwa zinazunguka klipu za wahubiri, kila mmoja na tafsiri yake, nami nikataka kauli ya mtu wa palepale. Nikamwambia, "Mzee, wapo wanaosema hii ni adhabu ya Mungu. Wewe unalionaje?"

Akanyamaza hata nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Kwa hiyo, mwanangu, unaniuliza tulifanya nini."

Hakusema kwa hasira. Nikaomba radhi, nikamshukuru, nikakata simu. Habari ilitoka na milimita zangu za mvua na idadi ya nyumba, bila sauti yake.

Jibu lile limenirudia mwaka huu kwa sababu nimeisoma tena La Peste, riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1947, na safari hii aliyenishika ni mtu niliyemdharau nilipokuwa chuoni: Padri Paneloux. Chuoni wote tulikuwa upande wa Daktari Rieux. Tulifika kwa Camus kupitia mlango wa Kezilahabi, maana huwezi kufundishwa Kichwamaji bila kutajiwa udhanaishi, na udhanaishi ukitajwa basi Camus naye yumo (mwenyewe aliikataa lebo hiyo, lakini nani alimsikiliza?). Padri kwetu alikuwa kikaragosi, mtu wa dini aliyewekwa pale ili daktari amshinde. Nilikosea sana.

Kwa ambaye hajaisoma: tuko Oran, mji wa pwani ya Algeria wakati wa utawala wa Wafaransa. Panya wanaanza kufa, kisha watu, kisha milango ya mji inafungwa. Najua tauni si maporomoko ya tope, lakini mahubiri yanayofuata ni yaleyale. Mwezi wa kwanza ukielekea kwisha, Kanisa linaandaa wiki ya maombi, na Jumapili Paneloux, Mjesuiti msomi, anapanda mimbarani huku mvua ikinyesha nje. Anawaambia kwamba wamo katika maafa na kwamba wameyastahili. Anawapeleka hadi kwa Farao wa Misri. Anawachorea gongo kubwa la kupuria nafaka likizunguka juu ya mji, na ngano inatengwa na makapi.

Ni mahubiri mazuri, nasema kweli. Camus hakumpa maneno ya kijinga. Ukiyasoma kwa sauti unasisimka, na hapo ndipo ugonjwa wake ulipo: yanapendeza kwa sababu msemaji hayumo ndani yake. Gongo linazunguka juu ya vichwa vya wengine.

Mimi niliisoma kwa Kiingereza mara ya kwanza, lugha ambayo neno lake la kumwita mtu mmoja ndilo hilohilo la kuwaita watu elfu, na jambo hili likanipita. Safari hii nilijaribu kujitafsiria kurasa zile kwa Kiswahili, na sarufi ikanikamata shati. Kwetu huwezi kukwepa. Ama ni "mmestahili" ama ni "tumestahili". Silabi moja ya mwanzo ndiyo inayoonyesha msemaji amesimama wapi.

Mahubiri ya aina hii yana umri mrefu. Lisbon ilitetemeka na kuungua tarehe 1 Novemba 1755, Siku ya Watakatifu Wote, asubuhi, watu wakiwa misani. Mjesuiti mwingine, Gabriel Malagrida, huyu wa kweli, alichapisha kijitabu mwaka uliofuata akisisitiza kwamba chanzo ni dhambi za wakazi. Voltaire akajibu kwa shairi, kisha kwa Candide mwaka 1759, ambamo wakubwa wa Lisbon wanachoma watu ili ardhi itulie, na ardhi inatetemeka tena siku ileile. Inachekesha mpaka leo. Lakini Voltaire habari zile zilimkuta karibu na Geneva, mbali na vifusi, na kicheko chake nacho kina umbali huo. Camus hacheki. Anafanya kitu kigumu zaidi: anamshusha padri kutoka mimbarani na kumpeleka wodini.

Maana Paneloux, tusimnyime haki yake, hakubaki kanisani. Anajiunga na vikosi vya watu waliojitolea kupambana na tauni. Hivyo ndivyo anavyojikuta kwenye darasa lililogeuzwa wodi, kando ya kitanda cha mtoto wa hakimu Othon. Mtoto amechomwa sindano ya dawa mpya ya Daktari Castel, na dawa haimwokoi. Inamwongezea tu muda wa kuteseka. Camus anatukalisha pale kwa kurasa kadhaa. Hakuna hoja wala falsafa, ni mwili mdogo unaojikunja na kujikunjua. Padri anapiga magoti, anamwomba Mungu amwokoe mtoto huyu. Mtoto anakufa. Rieux anatoka nje na kumrushia padri maneno: huyu, angalau, hakuwa na kosa, na wewe unajua.

Kisha yanakuja mahubiri ya pili. Waumini wamepungua, upepo unavuma. Na msimulizi anatushtua kwa jambo dogo, analiita la ajabu: padri hasemi tena "ninyi", anasema "sisi".

Wasomaji wengi wanasema hapa Paneloux amebadili imani yake. Mimi naona kinyume. Imani yake imekuwa kali zaidi: sasa anadai mtu akubali yote au akatae yote, kifo cha mtoto kikiwemo. Kilichobadilika ni mahali aliposimama. Na hakuna aliyemshinda kwa hoja. Hoja za Rieux alizisikia na hazikumtosha. Alikesha kando ya kitanda, basi. Mtu aliyekesha pale hawezi tena kuirudia ile "m" ya mwanzo bila ulimi kukwama.

Kisa cha Ayubu kina jambo hilohilo. Upepo unaangusha nyumba juu ya watoto wake, na rafiki zake wanakuja kukaa naye chini, kimya, siku saba. Siku saba hizo ndizo kazi bora waliyofanya. Walipofungua midomo ili kumweleza ni kwa nini, walianza kumshtaki, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia wao. Washairi wetu wa pwani wana utenzi wao wa Ayubu, na kwao habari ni subira. Mateso ni mtihani. Neno zuri kuliko adhabu, sikatai. Ila hata "ni mtihani" lina ladha tofauti likitoka kwa mfiwa na likitoka kwa aliyekuja kula pilau ya msiba.

Sasa nijisute na mimi, maana ni rahisi kuwasema wahubiri. Wapo waliofiwa wanaosema wenyewe kwamba tumemkosea Mungu. Wapo wanaosema kazi ya Mungu haina makosa, na neno hilo linawashikilia wasianguke. Mwandishi wa habari anayetoka mjini na maelezo ya mwamba dhaifu uliolowa, na kuanza kuwasahihisha, naye anasema "ninyi". Maelezo ya mwamba ni ya kweli na lazima yaandikwe. Watu zaidi ya 80 walikufa, na kuna maswali kuhusu mkondo wa maji na nani kajenga wapi ambayo neno "adhabu" huyafunga kabla hayajaulizwa. Lakini maswali hayo ni ya kuwapelekea wenye ofisi. Mimi nilimpelekea mzee aliyefiwa swali ambalo jibu lake pekee lilikuwa ama kujitetea ama kukiri.

Camus naye hatoki salama kwenye kipimo chake. Ndani ya riwaya yumo mwanahabari, Rambert, aliyekuja Oran kuchunguza hali ya maisha ya Waarabu. Rieux anamuuliza kama ataruhusiwa kuandika ukweli wote. Anakiri kwamba si wote, na daktari anakataa kumpa habari. Ukurasa mzuri sana, ungewekwa ukutani kwenye kila chumba cha habari. Halafu tauni inaingia na Waarabu wanapotea. Katika mji uliojaa Waarabu hakuna hata mmoja mwenye jina anayeugua mbele yetu. Wakosoaji wamelisema hili kwa miongo mingi, na kwa kawaida mashabiki wa Camus tunajibu kwamba riwaya ni fumbo kuhusu Ufaransa chini ya Wanazi. Sawa. Lakini kitabu kinachotoa uzito wote huo kwa padri kuhama kutoka "ninyi" kwenda "sisi" kinastahili kuulizwa hiyo "sisi" ina nani ndani.

Hata hivyo sijui riwaya nyingine inayomtendea mhubiri wa adhabu kwa heshima kiasi hiki. Baada ya mahubiri ya pili Paneloux anaugua. Anakataa kuitiwa daktari, na Rieux anapofika hatimaye haoni dalili za wazi za tauni. Padri anakufa ameshika msalaba. Camus angeweza kabisa kumuua kwa tauni, tukapiga makofi: uliihubiri, imekupata. Badala yake, kwenye kadi ya padri yanaandikwa maneno machache tu, kwamba ni mgonjwa mwenye mashaka. Maana yake ni kwamba haijulikani alikufa kwa nini.