Mtambaji wa Kilao Ughaibuni: Namna ya Kumpima

Katika sherehe za jumuiya za Walao huko California, Minnesota au Ufaransa, mgeni hupima kwa macho. Huona sketi za hariri, shali zilizotupwa begani, na watoto waliojipanga jukwaani wakiimba bila kukosea neno, akatoka ukumbini akiamini kwamba sanaa ya wazee iko salama. Kipimo hicho ni kibovu. Hariri hununuliwa, na mtoto hodari huweza kukariri shairi la lugha yoyote duniani bila kuelewa anachosema. Sanaa ya masimulizi ya Walao, hasa ile inayoimbwa, ilijengwa juu ya kujibizana, kwa hiyo anayetaka kujua ubora wake ugenini aulize jambo moja kabla ya mengine yote: je, fanani huyu anaweza kujibu? Amjibu mwenzake, aijibu hadhira, alijibu hata jambo lililotokea asubuhi ya leo, na afanye hivyo bila kuvunja kanuni alizorithi. Anayeweza hayo ni msanii. Asiyeweza, hata akiwa na sauti ya kuliza watu, ni mtunza kumbukumbu tu. Nasema hivyo bila kumdharau, kwa kuwa nitamhitaji baadaye.

Kipimo hiki kimetokana na jinsi sanaa yenyewe inavyofanya kazi, na jinsi ilivyosafiri. Baada ya Desemba 1975, utawala wa kifalme ulipoondolewa, takribani mtu mmoja katika kila kumi aliihama Laos. Wengi walivuka mto Mekong hadi kambi za Thailand kama Nong Khai na Ubon, kisha wakagawanywa Marekani, Ufaransa, Kanada na Australia. (Wahmong walikuwa wengi kati yao, nao wana masimulizi na nyimbo zao, hapa nawazungumzia wasemaji wa Kilao.) Mtu aliyevuka mto usiku hakuweza kubeba maktaba ya hekalu, ile ya maandishi yaliyochorwa kwenye majani ya mtende. Lam aliweza kuibeba, kwa sababu ushairi huo wa kuimbwa unahitaji koo la mo lam, yaani manju wake, na pumzi ya mpiga khaen, basi. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilimtunuku Khamvong Insixiengmai, mo lam aliyeishi Fresno, tuzo yake ya kitaifa ya wasanii wa jadi. Tuzo hiyo alistahili. Lakini tuzo humwendea mtu mmoja, ilhali lam kwa desturi ni ya wawili: mwanamume na mwanamke hubembelezana, husutana na kujaribiana akili kwa beti hadi usiku wa manane, na watu wanaowazunguka hupiga kelele za kuwachochea. Manju aliyehamia mji usio na mwenzake wa kumjibu amepoteza nusu ya sanaa yake hata kama hajasahau ubeti mmoja.

Sasa tuje kwenye sikio. Kilao ni lugha ya toni: silabi moja hubadili maana kwa kupanda, kushuka au kukaa pale pale, na toni zenyewe huwa tano au sita kutegemea eneo. Katika lam, toni hizo ndizo zinazozaa sehemu kubwa ya mahadhi. Manju hana wimbo uliokamilika anaoupachika maneno. Ana umbo la jumla la eneo lake, kisha kila neno analolichagua linamwelekeza sauti iende wapi. Akibadilisha neno, mahadhi nayo hubadilika. Hapa ndipo mwenye ujuzi humtambua mwanafunzi aliyekariri kwa kusikiliza kanda. Huimba kwa usahihi kabisa mradi asiguse neno, lakini mpe jina la mtaa wa Fresno aliweke katika ubeti, naye ama atakwama, ama ataliburuta jina hilo juu ya mahadhi ya neno lililokuwapo. Sikio la mzee hulikamata kosa hilo papo hapo. Msomaji anayesema lugha ya Kibantu yenye toni, Kihaya kwa mfano, ataelewa haraka kuliko sisi tusio na lugha nyingine nyumbani isipokuwa Kiswahili.

Khaen nayo ina mengi ya kufichua. Ni ala ya mianzi, kwa kawaida mabomba kumi na sita yenye vijilimi vya madini, nayo hulia pumzi inapotoka na inapovutwa, kwa hiyo sauti yake huweza kwenda mfululizo kama mto. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza muziki wa khaen wa Walao katika orodha ya urithi wa binadamu, na tangu hapo si vigumu kukutana na kijana anayeipiga peke yake kwa kasi ya kustaajabisha. Kasi isikupumbaze. Msikilize akiwa na mwimbaji. Je, anamfuata, anamngoja anapotafuta neno, anampa nafasi ya kumalizia? Pia uliza wanaimba mtindo wa wapi. Kusini kuna lam ya Saravane na ile ya Sithandone. Luang Prabang wana khap thum, ambayo kundi zima humwitikia mwimbaji. Kambini na katika miji mipya watu wa sehemu hizi walichanganyikana, na mitindo ikachanganyikana nao. Mchanganyiko si dosari. Dosari ni kutojua kwamba umechanganya. Manju anayehama kutoka Saravane kwenda Sithandone kwa makusudi, ili kumchokoza mzee wa huko aliyeketi mbele, anastahili sifa kuliko anayeshika mtindo mmoja kwa woga.

Ngano za kusimuliwa bila kuimbwa zina kipimo cha namna hiyo hiyo, ingawa hazidai toni. Xieng Mieng ni Abunuwasi wa Walao, mjanja anayemwaibisha mfalme kwa maneno ya mfalme mwenyewe. Katika kisa kinachojulikana zaidi, mfalme anamwambia ajaribu kumlaghai aingie bwawani. Xieng Mieng anakiri kwa unyenyekevu kwamba hilo hawezi, ila mfalme angekuwa tayari majini, kumtoa kungekuwa rahisi. Mfalme anaingia ili amwone akishindwa, na kazi imekwisha. Kisa hiki huvuka hadi Kiingereza au Kifaransa bila kupungua, mradi msimulizi asieleze ujanja kabla hadhira haijaunasa. Msimulizi dhaifu humaliza kwa kuwaambia watoto waheshimu akili. Aliye bora hunyamaza na kuwaacha wabishane kama mfalme alilaghaiwa kweli, maana Xieng Mieng hakumwomba aingie.

Utendi wa Sinxay ni mtihani mgumu zaidi. Kijana Sinxay na ndugu zake wa ajabu wanasafiri kumwokoa shangazi yao Sumountha, aliyetekwa na jitu Kumphan. Matoleo mafupi ya watoto hukimbilia vita. Lakini shangazi huyo alikwisha kuishi na Kumphan kama mke, akazaa naye binti, na Sinxay anapofika hataki kuondoka upesi: anasitasita kati ya nyumba mbili. Nikitaka kumpima msimulizi wa Sinxay ughaibuni, naangalia anatumia muda gani kwa Sumountha. Watu walioacha mto upande mmoja na kulea watoto upande mwingine hawahitaji kuelezwa kusita kule kunatoka wapi. Anayemruka Sumountha ili afike kwenye mishale ameihifadhi hadithi kwa kuitoa kiini.

Kuna watakaopinga kwamba kipimo changu kinawaonea vijana waliozaliwa Marekani, ambao Kilao chao ni cha kuomba chakula na kuamkia wazee. Pingamizi hilo lina uzito, na jibu langu ni kutenganisha. Kwa lam, lugha haina mbadala, na kumsifu asiyeweza kutunga ni kumdanganya. Kwa ngano, lugha nyingine si kikwazo, na kijana asimulie kwa Kiingereza ilimradi ajue kujibu swali lililotoka nje ya kitabu. Wengine watasema kujibu kunafungua mlango wa kila mtu kubuni atakavyo. Kwa lam hofu hiyo haina msingi, kwa kuwa toni, umbo la mahadhi na khaen ni uzio mkali kuliko kitabu chochote: anayeuruka husikika. Kwa ngano hofu ni ya kweli zaidi, ndiyo maana nahimiza kupima kiini cha kisa, si urembo wake. Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, kwamba sauti zilizorekodiwa na maandishi yaliyopigwa picha hudumu kuliko vichwa vya wazee. Ni kweli. Maelfu ya maandishi ya majani ya mtende yaliyomo mahekaluni Laos sasa yanasomeka kwenye intaneti, na bila mtunza kumbukumbu tusingekuwa na cha kulinganisha. Lakini kanda hukupa usiku mmoja wa manju mmoja. Ukiiuliza angemjibuje mwanamke aliyemcheka, haina la kusema. Kanda ni nzuri kwa kumfunza mwanafunzi, na haifai kuwa mwalimu pekee.

Kwa hiyo wanaoandaa sherehe hizi wana kazi rahisi wasiyoifanya. Dakika tano jukwaani, kati ya hotuba ya meya na onyesho la mavazi, hutosha kukariri tu. Wapeni mo lam wawili saa nzima, mpiga khaen mmoja, na wazee wa kuchokoza mstari wa mbele, halafu waleteni vijana waketi karibu vya kutosha kusikia kosa.