Matone Kumi na Sita

Asubuhi ya Julai hapa Musinzira, mjini Gitega, ina baridi inayokaa kwenye viganja. Gitega iko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kiangazi ukungu huchelewa kutoka mabondeni. Saa moja na nusu, watu wa nyumba wakiwa bado wamelala, Mzee anayetunza bwawa la kuogelea huwa ameshapiga magoti ukingoni mwake, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, ameshika kichupa cha kioo mdomo chini. Anakizamisha hivyo hivyo mpaka kiwiko kiingie majini, ndipo anakigeuza kijae. Maji ya juu, aliniambia siku ya kwanza, ni ya jua na vumbi na majani ya mkaratusi. Ukiyapima hayo umepima hewa.

Mimi ni jirani wa nyumba hiyo. Nimefundisha kemia miaka mingi, na sijui ni mara ngapi nimeandika ubaoni jinsi umeme unavyoipasua chumvi iliyo majini. Kumbe kuandika ni kitu kimoja, na kuyaweka maji yale yale sawasawa mwaka mzima, masika na kiangazi, umeme ukiwapo na ukikatika, ni kitu kingine kabisa. Kwa hiyo siku za mapumziko huenda kuketi kwenye kigoda chake cha pili na kumtazama.

Bwawa si kubwa: mita 8 kwa 4, kina cha mita moja na nusu kwa wastani. Hizo ni mita za ujazo 48, na ndani yake kuna chumvi ipatayo kilo 150, yaani magunia sita ya kilo 25. Mtu akisikia hivyo hufikiria bahari. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na lita moja ya bwawa hili ina gramu tatu na kidogo. Hata machozi ya binadamu yana chumvi karibu mara tatu ya hiyo.

Chumvi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya ladha. Pampu huyavuta maji, chujio la mchanga huyasafisha, kisha hupita ndani ya bomba lenye mabamba membamba ya titani yaliyopakwa madini ya rutheni. Hapo umeme huipasua chumvi na klorini huzaliwa papo hapo. Klorini huingia bwawani, huua vijidudu na mwani, na ikimaliza kazi hurudi kuwa chumvi kama ilivyokuwa. Jua likivukiza maji, chumvi hubaki. Inapotea tu kwa maji yanayorushwa na watoto, yanayomwagika bwawa likifurika, na yale ya kuoshea chujio. Nilipowaeleza wanafunzi wangu mzunguko huu, mmoja aliuliza basi mtu wa kutunza bwawa anatakiwa wa nini. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalonirudisha kwenye kile kigoda.

Mashine hiyo yenye mabamba inatengeneza klorini, basi. Nayo ikitengeneza klorini hutoa pia viputo vidogo vya hidrojeni, na viputo hivyo hufukuza gesi ya kaboni iliyomo majini, kama soda iliyotikiswa. Gesi hiyo ndiyo inayoyapa maji uchachu kidogo. Ikitoka, maji yanaelekea upande wa magadi, siku baada ya siku, hata kama hakuna mtu aliyeoga. Kipimo cha uchachu huo ni pH, na hapa kuna jambo ambalo wenye mabwawa wengi hawalijui: klorini ile ile, kwa kiasi kile kile, haina nguvu ile ile. Katika maji matupu yenye pH 7.2, kama theluthi mbili yake iko katika umbo linaloua haraka. Kwenye 7.5 ni nusu. Kwenye 7.8 ni theluthi, na kwenye 8 ni kama robo. Mwenye nyumba ataona mwani wa kijani, ataiongezea mashine kasi, mashine itatoa viputo zaidi, na pH itazidi kupanda. Anakimbizana na kivuli chake.

Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na mwanakemia wa Denmark, Søren Sørensen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen. Napenda kuwakumbusha hilo watoto wa Gitega, ambao wamekua wakiona kiwanda cha bia cha Brarudi mjini kwao. Mzee hakusoma habari za Sørensen. Lakini ukimwona akiinua kichupa mpaka usawa wa jicho, karatasi nyeupe nyuma yake, akilipa jua mgongo, utajua kwamba heshima kwa kipimo haitoki kitabuni peke yake. Anadondosha rangi, anakizungusha kichupa polepole bila kukitikisa, anasubiri. Njano ni uchachu, nyekundu ya waridi ni magadi. Yeye anatafuta rangi iliyo katikati ya hizo mbili, na huwa anaitazama mara mbili, kwa sababu asubuhi jicho halijazoea mwanga.

Baada ya hapo huhesabu matone, na hapo ndipo napenda kunyamaza. Kwa klorini, anatia unga kidogo, maji yanageuka waridi, kisha anadondosha mpaka waridi ipotee. Kila tone ni nusu miligramu katika lita. Matone sita, klorini ni tatu, siku njema. Kwa akiba ya magadi, ile inayozuia pH isirukeruke, maji huanza kijani na kuishia mekundu, kila tone likiwa miligramu kumi. Matone saba au manane yanamtosha. Chupa ya dawa huishika wima, kwa sababu ukiinamisha, tone huwa na ukubwa mwingine, na hesabu yote imeharibika. Midomo yake hutembea anapohesabu lakini sauti haitoki.

Akiona asidi inahitajika, siku hiyo hafanyi jambo jingine. Glavu, miwani, na kuangalia upepo unatoka wapi. Maji hutangulia kwenye ndoo, asidi hufuata, wala hajawahi kugeuza mpangilio huo, maana maji yakimwagwa juu ya asidi kali huchemka na kuruka usoni. Kisha humimina mbele ya mdomo wa bomba linalorudisha maji, pampu ikiwa inazunguka, mkondo mwembamba kama wa mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye koroboi. Ikiwa hesabu yake inasema nusu lita, hutia robo. Hupima tena kesho.

Nilimuuliza kwa nini asimalize leo. "Mwalimu," alisema, "maji husikia upesi lakini hujibu kesho."

Nilielewa maneno hayo alipokwenda kwao kwenye msiba na kukaa wiki mbili. Fundi aliyemshikia zamu alikuwa na bidii kupita kiasi. Aliona pH imepanda, akatia asidi nyingi. Jioni imeshuka sana, akatia magadi. Asubuhi imepanda, asidi tena. Siku ya nne alitia magadi mengi kwa mkupuo, na bwawa lote likageuka jeupe kama maziwa: chokaa iliyokuwa imeyeyuka imejitenga. Mzee aliporudi hakulaumu mtu. Alishusha pH kidogo kidogo, akaacha pampu izunguke mchana na usiku, akaosha chujio kila lilipoziba. Ilichukua siku tisa, na kwa siku tisa hizo sikumwona akitia kitu kwa haraka hata mara moja.

Chokaa yenyewe ni habari ndefu. Maji tunayoteka hapa mtaani ni laini. Sabuni kidogo tu, povu tele. Mama anayefua hufurahi, lakini bwawa huumia. Maji yasiyo na chokaa huitafuta, na yakiikosa ndani yao huila kutoka kwenye saruji iliyo kati ya vigae. Mwaka 1936, Wilfred Langelier wa Chuo Kikuu cha California alitoa hesabu ya kujua kama maji yataitoa chokaa au yataila. Alikuwa akifikiria mabomba ya miji, si mabwawa. Mzee alikuta saruji ya bwawa hili imeanza kukwaruza vidole kama msasa. Akaongeza kloridi ya kalsiamu kwa wiki kadhaa, na sasa hupitisha kidole gumba pale pale kila mwezi, kwenye kona ya ngazi. Akizidisha chokaa, nayo huganda kwenye mabamba ya titani. Hapo huyasafisha kwa mpira wa maji kwanza, kisha kwa asidi hafifu iwapo kuna lazima, na kamwe hagusi kwa chuma, kwa sababu mkwaruzo mmoja huondoa ile rutheni, na bamba likishavuliwa halivishwi tena.

Masika ina kazi yake. Mvua haina chumvi. Ikinyesha usiku kucha bwawa hufurika na chumvi huenda bustanini. Kila mvua kubwa inapopita nawakumbuka watu wa Uvinza, kule Tanzania, ambako mto Ruchugi unakutana na Malagarasi, mto ambao kwa sehemu ni mpaka wa Burundi yetu na Tanzania. Kwenye chemchemi zile watu wamechemsha maji ya chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. John Sutton na Andrew Roberts walichapisha habari zake mwaka 1968. Karne ya 19 chumvi hiyo ilifika mpaka nchi hii. Nao walichemsha kiangazi, kwa sababu masika mito ilijaa na kuzifunika chemchemi. Mvua ikiingia kwenye maji ya chumvi, mchemshaji hana ujanja. Mzee naye, ikinyesha, hukaa barazani na kungoja ikatike.

Turudi kwenye asubuhi za Julai. Siku moja, kwenye kisanduku cha mashine, taa nyekundu ilikuwa inamweka: chumvi imepungua. Kijana wa nyumba alishabeba gunia begani na kulifikisha ukingoni, kisu mkononi. Mzee alimwomba alishushe kwanza. "Tulia, mwanangu. Mvua ya mwisho ilikuwa lini?"

Kijana hakukumbuka. Ilikuwa Mei.

Mashine haihesabu chumvi yenyewe. Inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, na maji baridi hupitisha umeme kwa shida, kwa hiyo usiku wa baridi huisingizia chumvi. Mzee alichota maji, akatia tone la rangi ya njano, kisha akaanza kudondosha dawa ya fedha, kila tone likiwa miligramu 200. Njano ilibaki njano. Tone la kumi, la kumi na mbili, la kumi na nne. Kwenye la kumi na tano uwekundu ulionekana ukapotea. La kumi na sita ulikaa, rangi ya tofali. Miligramu 3,200, kama wiki iliyopita. Gunia lile lingeongeza zaidi ya 500, na chumvi iliyozidi haiondolewi ila kwa kumwaga maji.

Akaandika 16 kwenye daftari, akasuuza kichupa, akamwambia kijana alirudishe gunia stoo, mahali pakavu. Kufika saa saba, jua lilipokuwa limeyapasha maji, taa ilizimika yenyewe.