‘Hakipatikani katika eneo lako’: Sentensi iliyomficha mtendaji

KUNA sentensi moja ambayo nadhani mashabiki wa kandanda nchini wameisoma mara nyingi kuliko ubeti wowote wa Muyaka au wa Shaaban Robert. Nayo ni hii: ‘Kipindi hiki hakipatikani katika eneo lako.’ Huja kwa Kiingereza kwenye televisheni nyingi za setilaiti, na huja kwa Kiswahili kwa wale walioziagiza simu zao zizungumze Kiswahili. Aghalabu huja timu zikiwa tayari zimepanga foleni uwanjani. Skrini inageuka nyeusi, na maneno hayo machache yanabaki yakielea gizani.

Leo ninataka kuihakiki sentensi hii kama tunavyohakiki matini nyingine yoyote. Nayo ni matini: ina mwandishi, ina msomaji na ina athari. Tatizo ni kwamba mwandishi wake amejificha, na aliyemsaidia kujificha ni sarufi.

Hebu tuanze na kitenzi. ‘Patikana’ kimetokana na ‘pata’, nacho kiko katika ukoo mmoja na ‘onekana’, ‘julikana’ na ‘wezekana’. Hii ndiyo kauli ya kutendeka. Mwanafunzi wa shule ya upili anajua tofauti yake na kauli ya kutendwa. Ninaweza kusema, ‘Mlango umefungwa na Moraa.’ Siwezi kusema, ‘Mlango umefungika na Moraa.’ Kauli ya kutendwa inaacha kiti kitupu ambacho mtendaji anaweza kuja kukikalia wakati wowote. Kauli ya kutendeka haina kiti hicho kabisa. Inaeleza hali tu, kana kwamba hali hiyo ilijileta yenyewe, kama ukungu wa asubuhi.

Sasa, kuna watakaosema kwamba huo ni ungwana wa Kiswahili. Mtoto wa jirani akivunja kikombe chako, unasema, ‘Kikombe kimevunjika,’ ili usimwaibishe mbele ya mamake. Ninakubali. Lakini ungwana huo ni wa watu wanaojuana, na aliyeumia ndiye mwenye haki ya kuutoa. Aliyevunja hawezi kuja kwako akatangaza kuwa kikombe kimevunjika, kisha akakutumia bili ya mwezi ujao.

Nilipokuwa Nyamarambe, kule Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, niliwasikia vijana wakitumia sarufi tofauti kabisa kwa jambo lilo hilo. Mwenye kibanda kimoja cha kuonyeshea mechi aliniambia kwa uchungu, “Prof, wametufungia tena.” Neno moja tu, lakini lichambue uone utajiri wake. Kuna wa-, yaani watendaji wapo, hata kama majina yao hatuyajui. Kuna -me-, tendo limekamilika. Kuna -tu-, walioumia ni sisi. Na kuna kile kiambishi cha kauli ya kutendea katika ‘fungia’, kinachoonyesha kwamba ufungaji huo umeelekezwa kwa mtu. Kijana huyu hajasoma isimu, lakini amesema ukweli kamili ambao mfasiri mwenye shahada aliyeajiriwa na kampuni kubwa ameupoteza.

Tuje sasa kwenye ‘eneo lako’. Hapa ndipo sentensi inapotoka kwenye ufichaji na kuingia kwenye uongo, na inafaa tuelewe mitambo inavyofanya kazi ili tuuone uongo huo. Haki za kuonyesha mechi huuzwa vipande vipande. Kipande kimoja huwa nchi au kundi la nchi, kingine huwa njia ya kurusha matangazo: hewani bila malipo, setilaiti ya kulipia, au intaneti. Kituo cha taifa kinaweza kununua haki za kuonyesha mechi bure nchini Kenya kupitia mitambo ya ardhini. Lakini setilaiti haijui mpaka wa Isebania wala wa Busia. Mawimbi yake yanamwagika juu ya nchi nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo chaneli hiyo hiyo ya bure ikibebwa kwenye setilaiti, mwenye haki anaweza kudai izimwe kwa dakika zote 90 ili mtu wa Lubumbashi au Mwanza asije akaona kitu ambacho hakuuziwa.

Basi fikiria nyumba iliyo nyuma ya kilima huko Gusii. Tangu tulipohama kutoka analojia mwaka 2015, mawimbi ya dijitali ya ardhini husafiri kama macho yanavyoona: kilima kikisimama katikati, picha haifiki au inakatikakatika. Mwenye nyumba akalazimika kununua dishi. Siku ya mechi, chaneli ya taifa lake inazimwa kwenye dishi lile, na anaambiwa kuwa kipindi hakipatikani katika eneo lake. Jameni! Eneo lake ni Kenya. Kipindi kimenunuliwa kwa ajili ya Kenya. Jirani yake wa upande wa pili wa kilima anakitazama akila mahindi ya kuchoma. Kilichomkosesha si eneo bali ni aina ya waya iliyochomekwa nyuma ya televisheni yake. ‘Eneo’ katika sentensi ile ni istilahi ya wanasheria iliyovishwa nguo za jiografia. Na kile kimilikishi ‘lako’ kinamtwika msomaji lawama: eneo ni lako, ungehamia kwingine.

Jambo hili si letu pekee. Wakati wa Kombe la Dunia la 2022, watu wa Afrika Kusini waliotegemea dishi la Openview, lisilotozwa ada ya mwezi, walizimiwa mechi zilizokuwa zikionyeshwa bure na SABC, shirika lao la utangazaji. Kesi ilifika mahakamani. Mechi zilikuwa za bure, shirika ni la umma, watazamaji wako ndani ya nchi, lakini kifungu cha mkataba kilisema hapana.

Haki inataka niseme pia upande wa pili, maana kuna hoja nzito huko. Kama haki zisingeuzwa kwa nchi, Mkenya angelipa bei ya London. Ukuta unaomzuia mtu wa Nyamarambe asitumie kadi ya Uingereza ndio huo huo unaomzuia Mwingereza asitumie kadi ya Nyamarambe, na kwa sababu hiyo kampuni zinaweza kutuuzia sisi kwa bei nafuu kidogo. Hoja hii ina mashiko kwa Ligi Kuu ya Uingereza, ambayo ni bidhaa ya watu wengine na tunainunua kwa hiari yetu (ingawa ukiwatazama vijana wetu Jumamosi jioni, hilo la hiari ni la kujadiliwa). Sioni inavyosimama kwa Harambee Stars, timu inayosafirishwa kwa kodi ya mwananchi yule yule aliyezimiwa picha.

Na Shabana je? Timu hiyo ya Wagusii ilirejea katika Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2023 baada ya miaka 17 nje, na sauti za ‘Tore Bobe’ zikarudi katika Uwanja wa Gusii. Mwaka huo huo Shirikisho la Soka Kenya liliingia mkataba wa matangazo na Azam ya Tanzania. Kabla ya hapo SuperSport ilikuwa imeonyesha ligi yetu kwa miaka kadhaa, ikajiondoa mwaka 2017 baada ya mzozo wa kuongeza idadi ya timu. Sisemi Azam wamekosea. Wamelipa fedha ambazo wengine hawakuzitoa, na kwa lugha yetu wamefanya jambo jema, maana wanatangaza mpira kwa Kiswahili kisichoona haya. Ninachosema ni kwamba shabiki wa Shabana asiyeweza kufika uwanjani sasa anahitaji king’amuzi sahihi, kadi sahihi na malipo ya mwezi sahihi ili aone timu ya nyumbani ikicheza nyumbani. Na wanaokumbuka GTV, iliyoanguka Januari 2009 na kuwaachia watu vifaa visivyo na kazi, wanajua kwamba malipo yenyewe si hakikisho.

Kwa njia, ‘king’amuzi’ ni neno zuri sana tulilopewa na Watanzania, ingawa wengi wetu huku bado tunasema dekoda. Limetoka kwa ‘ng’amua’, yaani kutambua kilichofichika. Lilikusudiwa kusema kwamba kifaa kinaing’amua ishara iliyofumbwa. Siku hizi kifaa kinamng’amua mtazamaji: ni nani, amelipa nini, yuko wapi.

Kizazi changu kililelewa na redio. Sauti ya Kenya iliporusha mpira kwa Kiswahili, na watangazaji kama Leonard Mambo Mbotela wakapaka rangi uwanja mzima kwa maneno, hakuna aliyeulizwa eneo lake. Gor Mahia walipotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 dhidi ya Espérance ya Tunisia, habari zilipanda milima ya Gusii bila kadi. Sitaki kujifanya kwamba zama zile zilikuwa peponi. Redio ilikuwa ya serikali na ilinyamaza kuhusu mengi. Lakini kwenye mpira, ilimhesabu kila mwenye betri kuwa msikilizaji.

Ulaya, mwenye baa mmoja wa Portsmouth aitwaye Karen Murphy alitumia kadi ya setilaiti ya Ugiriki kuonyesha Ligi Kuu kwa bei ya chini. Akashtakiwa, akatozwa faini, akakataa kukubali. Tarehe 4 Oktoba 2011, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kumkataza kununua kadi ya nchi nyingine ya Umoja huo kunakiuka uhuru wa kutoa huduma katika soko la pamoja. Mahakama ilisema pia kwamba mechi yenyewe si kazi ya kubuni inayolindwa na hakimiliki. Kinacholindwa ni nembo, wimbo na mapambo mengine. Ushindi wake haukubomoa kuta zote, maana kampuni zilipata njia nyingine za kuandika mikataba. Lakini angalau ‘haipatikani’ ililazimishwa kusimama kizimbani na kutaja jina lake.

Sisi tuna Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki tangu Julai 2010, nayo inazungumzia uhuru wa huduma. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya tangu 2021. Tuna mahakama Arusha. Ningependa sana kuona mwenye kibanda wa Nyamarambe, au mwenzake wa kibanda umiza kule Dar es Salaam, akiuliza huko kwa nini ndizi zinavuka Isebania na mechi haivuki.

Kombe la Afrika la 2027 litachezwa Kenya, Uganda na Tanzania. Wanaotia saini mikataba ya matangazo kwa niaba yetu wanaweza kudai chaneli za umma zisizimwe kwenye dishi ndani ya nchi tatu wenyeji, ambazo zote ziko chini ya mawimbi yale yale. Wakishindwa, wadai walau maandishi ya kwenye skrini yaandikwe upya, kwa nafsi na kwa jina. Ninawapa rasimu bure: ‘Sisi, kampuni fulani, tumekufungia mechi hii kwa sababu mkataba wetu na fulani unasema hivyo. Ukitaka kulalamika, piga nambari hii.’