Usingizi wa Marumaru: Fani na Maudhui katika Ukumbusho wa Penelope Boothby

Katika kanisa la parokia la Mtakatifu Oswald, mjini Ashbourne, Uingereza, imo sanamu ya marumaru nyeupe aliyoichonga Thomas Banks mwaka 1793. Ni ukumbusho wa Penelope, mtoto wa pekee wa Sir Brooke Boothby, aliyefariki mwaka 1791 kabla ya kutimiza umri wa miaka 6. Mtoto amelala ubavu juu ya godoro, mikono karibu na uso, nyayo wazi.

Fani hiyo yamfanya mtazamaji anyate asije akamwamsha. Lakini maneno yaliyochongwa chini yake, kwa Kiingereza, Kilatini, Kifaransa na Kiitaliano, yaenda kinyume. Ya Kiingereza yatumia sitiari ya bahari: wazazi walipakia yao yote katika chombo kimoja dhaifu, nacho kikazama, kisisalie kitu. Jiwe lasema amelala. Maneno yasema hatarudi.

Yawezekana kudai kwamba lugha nne ni majivuno ya msomi. Hoja hiyo ina uzito, kwani waumini wengi wa kawaida wa zama hizo hawakujua Kilatini. Hata hivyo, maandishi hayo si tafsiri ya neno moja: kila lugha yaanza upya, kana kwamba iliyotangulia ilishindwa.

Mwaka 1796 baba huyo alichapisha kitabu kizima cha mashairi ya kumlilia mwanawe. Leo wakisomao ni wachache. Sanamu ingali yatazamwa. Hivyo basi, ubora wa kazi hii watokana na mchongaji kujizuia pale ambapo mfiwa hakuweza.